Barua ya wazi kwa wanaopanga kitufe cha "Sasisha": tuonyesheni na mlango wa kutokea

Kwa wakuu wa kitengo cha bidhaa,
Kampuni inayotutengenezea programu ya mauzo na stoo.

YAH: KUCHAGUA TOLEO THABITI AU LA MAJARIBIO, NA NJIA YA KURUDI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Jina la kampuni yenu silitaji. Mtajijua mkifika aya ya tatu, na ziko kampuni nyingine mbili tatu zitakazodhani nazisema zenyewe. Nazo zisome tu.

Mimi ni fundi wa kompyuta, Morogoro. Naangalia mashine za maduka kumi na moja: ya pembejeo, ya dawa, ya vifaa vya ujenzi. Saba kati yake yanatumia programu yenu, na yote saba niliyashauri mimi. Kwa hiyo programu ikizingua, anayepigiwa simu kwanza ni mimi. Ninyi mnapigiwa baadaye, na huwa mnapokea baada ya muziki mrefu.

Jumatatu moja ya mwezi Machi simu ililia saa moja na robo asubuhi. Alikuwa mama mmoja mwenye duka la pembejeo. "Fundi, njoo. Mashine ya stoo imekataa." Anayejua Morogoro anajua Machi ni mwezi gani. Mvua za masika zimeshaanza, shamba limeshalimwa, na kila mtu anataka mbegu ya mahindi wiki hiyo hiyo. Nilipanda bodaboda na flashi yangu mfukoni. Nilipofika nje palikuwa na watu kama ishirini, ndani binti wa kaunta ameshafungua kaunta buku na anaandika kwa peni: mbegu mifuko miwili, mbolea ya DAP mmoja, ya Urea mmoja. Mashine ya kaunta ilikuwa inawaka vizuri tu, tena kwa rangi mpya. Ile ya stoo ilikuwa na ujumbe mmoja katikati ya skrini: "Hifadhidata haioani na toleo hili." Laptopu ya nyumbani kwa mama nayo ilikuwa na ujumbe ule ule.

Nikamuuliza kulitokea nini. Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Jana jioni kilitokea kiboksi. Kikaniuliza nataka ya kawaida au beta. Nikabonyeza beta. Si ndiyo bora zaidi?"

Nilicheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka. Mama yuko sahihi. Kwa matamshi yetu, ile herufi ya Kigiriki na lile neno la Kiingereza la kusema kitu ni bora zaidi, "better", hutoka mdomoni sawasawa. Programu nzima mmeiandika kwa Kiswahili, hata "Rejesho la bidhaa" mmelitafuta mkalipata, lakini kwenye kiboksi kinachoweza kusimamisha duka mkaacha neno moja la kigeni lisilo na maelezo. Chini yake mliandika kwa herufi za kijivu: "Pata vipengele vipya kabla ya wengine." Nani hapendi kupata kabla ya wengine? Hakuna mahali palipoandikwa kwamba toleo hili bado linajaribiwa, wala kwamba likishaingia halitoki.

Sasa mnifuate kwenye ufundi wenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye hoja yangu.

Duka lilikuwa kwenye toleo 4.9.2 la programu yenu. Beta iliyoingia ilikuwa 5.0.0-beta.3. Ilipowaka mara ya kwanza ikapanga upya majedwali ya hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu zote za duka, iliyomo kwenye mashine ya kaunta, ambayo ndiyo inayotegemewa na zile nyingine mbili. Zile mbili zikabaki na 4.9.2, zikagonga mlango ambao kitasa chake kimeshabadilishwa. Nikaingia kwenye Mipangilio, nikakuta swichi ya "Pokea matoleo ya awali" imewashwa, nikaizima. Hakikutokea kitu. Nikabonyeza "Angalia sasisho". Programu ikanijibu: "Unatumia toleo jipya zaidi."

Kwa hesabu za namba haikusema uongo. Kanuni inayofuatwa na wengi katika kupanga namba za matoleo inasema 5.0.0-beta.3 iko chini ya 5.0.0, lakini iko juu ya kila kitu kinachoanza na 4. Ukizima swichi, programu inatafuta toleo thabiti lenye namba kubwa kuliko uliyonayo, hailioni, inakaa kimya. Mkitoa 4.9.3 yenye marekebisho ya usalama, mama hataletewa, maana namba yake ni ndogo. Mkitoa beta.4 inayorekebisha makosa ya beta.3, hataletewa pia, maana swichi imezimwa. Anabaki kama popo, ndege si ndege, mnyama si mnyama. Na skrini inamwambia kila kitu kiko sawa.

Huduma kwa wateja walinijibu kwa adabu, sina malalamiko nao. Walinipa njia mbili. Ya kwanza, nifute programu, niweke 4.9 upya na nirudishe bakapu (nakala ya akiba) ya Jumamosi, ambayo bahati nzuri nilikuwa nayo kwenye flashi. Ya pili, nizipandishe na zile mashine mbili ziingie beta, halafu niwashe tena swichi ili marekebisho yafike, nisubiri 5.0 ikomae. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Mauzo ya Jumapili yalikuwa tayari yamo kwenye beta, na risiti zake zimeshatolewa kwa wateja. Ukirudi nyuma, risiti iko mkononi mwa mkulima na kwenye mashine haipo. Nikachagua ya pili. Duka la pembejeo, msimu wa kupanda, likawa maabara yenu.

Siku ya kumi na tisa 5.0 thabiti ikatoka. Mashine zote tatu zikaipokea usiku, asubuhi ikawa shwari, mama akanitumia hela ya soda. Nikasahau kuzima ile swichi. Hilo kosa ni langu, nalikubali. Wiki mbili baadaye mashine ya kaunta ikaivuta 5.1.0-beta.1 yenyewe, bila kumuuliza mtu, kwa sababu kwenu aliyewahi kusema "beta" mara moja amesema maisha yake yote.

Nimekaa nalo hili muda, na nimeangalia wenzenu wanafanyaje. Hakuna aliyelimaliza kabisa, ila wapo waliolifikiria.

Kompyuta ya kibanda changu inaendesha Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Wale hutoa toleo kila Aprili na kila Oktoba, na kila baada ya miaka miwili lile la Aprili huwa la kukaa nalo, linahudumiwa miaka mitano. Yale ya katikati huhudumiwa miezi tisa tu. Toleo 24.04 lilitoka Aprili 2024. Mashine yangu ilikuwa na 22.04, na haikunigusa bega hadi ilipotoka 24.04.1 mwishoni mwa Agosti. Miezi minne waliwaachia wenye haraka wagundue mashimo, kisha ndipo wakaja kwa sisi tuliosema tunataka utulivu. Na kusema huko ni mstari mmoja ndani ya faili fupi, wenye majibu matatu: nipe yale ya muda mrefu tu, nipe lolote la kawaida, au usinipe kabisa. Anayetaka la majaribio anaandika amri mwenyewe na kuongeza herufi moja mwishoni. Hakuna kiboksi kinachomrukia mtu jioni akiwa anahesabu hela.

Najua mtasema hao ni watu wa kompyuta, mama hataandika amri. Sawa, twende kwenye vivinjari. Chrome ile ya majaribio makali, Canary, ukiiweka kwenye Windows inakaa pembeni ya Chrome ya kawaida, na alama yake na data yake. Ikiharibika unafungua ile nyingine, unaendelea na kazi. Firefox tangu toleo la 67, mwaka 2019, huupa kila usakinishaji wasifu wake, yaani mipangilio na data yake, na ukijaribu kufungua wasifu uliokwisha kuguswa na toleo jipya kwa kutumia la zamani, inakusimamisha na kukueleza kwa nini. Ujumbe wenu wa "haioani" unasimamisha vilevile, tena hilo nawasifu, bora ukatae kuliko uharibu. Ila wenyewe unakataa halafu unakuacha hapo hapo mlangoni.

Google kwenye Android wana mtego unaofanana na wenu. Ukitoka kwenye beta katikati, simu inafutwa yote. Ukitaka kutoka salama, unasubiri toleo thabiti lije, unajiondoa kabla beta inayofuata haijaingia. Dirisha ni lile lile lililonipita mimi. Tofauti ni kwamba wao wamekiandika hicho kitu peupe, na mtu anaweza kukisoma kabla hajajiunga.

Halafu lipo la 19 Julai 2024. CrowdStrike, programu ya ulinzi wa kompyuta, ilituma faili dogo la maelekezo, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka. Viwanja vya ndege vikasimama, hospitali zikaahirisha miadi. Nilichokishika mimi katika mkasa ule ni hiki: walikuwepo wateja waliochagua kwa makusudi kubaki toleo moja au mawili nyuma ili wasiwe wa kwanza kuumia. Nao wakaumia. Uchaguzi wao ulihusu programu yenyewe, lakini yale maelekezo yalipita mlango mwingine, yakaenda kwa wote kwa wakati mmoja. Baadaye kampuni ikaahidi kuyatoa kwa awamu na kuwapa wateja usemi. Nalisema hili kwa sababu ninyi nanyi mna mlango wa pili. Viwango vya kodi, muundo wa risiti, orodha za bidhaa, vyote huingia kimyakimya hata kwa aliyezima masasisho. Niliuona muundo wa risiti ukibadilika katikati ya siku ya kazi, mteja wa kwanza ana risiti ndefu, wa pili ana fupi. Aliyechagua thabiti awe amechagua thabiti kwa kila kinachoingia kwenye mashine yake.

Basi naomba nini?

Kiboksi chenu kinachanganya maswali mawili. Moja ni "lini": sasa, usiku, kesho. La pili ni "ya aina gani". Hilo la kwanza ni la kila siku, linaweza kujibiwa na binti wa kaunta. La pili ni uamuzi wa mwenye duka, hufanywa mara moja kwa mwaka au hata mara moja tu, na halistahili kurushwa usoni jioni pamoja na la kwanza. Litoeni kwenye kiboksi. Liwekeni ndani ya Mipangilio, nyuma ya neno la siri la mmiliki. Na liwe uamuzi wa duka zima. Haiwezekani mashine moja iingie majaribio huku mbili zinazokula chungu kimoja nayo ziko thabiti.

Kisha swichi yenu ina majibu mawili, na lililokosekana ndilo ambalo watu wengi wanalihitaji. Mmeweka "thabiti tu" na "majaribio daima". Katikati yake kuna mtu anayetaka kuingia kwenye majaribio haya ya sasa kwa sababu yana kitu anachokihitaji, tuseme kuuza mbolea kwa kilo badala ya mfuko, na toleo hilo likikomaa abaki nalo, asivutwe kwenye linalofuata. Mpeni: "Jaribu 5.0, kisha nirudishe kwenye thabiti." Kitaalamu ni jambo dogo. Siku 5.0.0 inapowasili, swichi ijizime yenyewe na iseme imejizima. Laiti ingekuwepo, kusahau kwangu kusingekuwa na madhara, na mama asingekuwa alipo leo.

Kabla ya kuingia, onyesheni njia ya kutoka. Hapa sitaki sentensi ya "huenda ukapata matatizo," hiyo kila mtu huiruka. Nataka kuona mambo mahususi, kwa mfano: "Toleo hili litabadilisha hifadhidata ya duka. Ukitaka kurudi 4.9, mauzo utakayofanya baada ya kuingia hayatarudi nayo. Nakala ya leo imehifadhiwa kwenye kompyuta hii, itakaa siku 30." Na nakala hiyo ipigeni ninyi wenyewe kabla hamjagusa jedwali hata moja. Hifadhidata ya lile duka, miaka minne ya mauzo, haijafika MB 300. Diski ina nafasi. Nilikuwa na bakapu kwa sababu mimi ni mwoga. Mkiandaa na njia ya kuyatoa mauzo ya siku za beta kwenye faili ili fundi ayaingize upya kwenye 4.9, hata kwa mkono, nitawashukuru zaidi. Kaunta buku ya ile Jumatatu tuliiingiza kwa mkono hadi saa nne usiku, tunajua kazi hiyo.

Aliyezima swichi akiwa bado ndani ya beta aambiwe ukweli. Futeni ile "Unatumia toleo jipya zaidi." Andikeni: "Uko kwenye toleo la majaribio. Utaendelea kupokea marekebisho yake hadi 5.0 thabiti itoke, kisha utabaki kwenye thabiti." Marekebisho ya beta lazima yaendelee kumfikia hadi atoke. Mtu aliyesema anataka kushuka garini hatupwi likiwa kwenye mwendo.

Kuhusu maneno: "toleo thabiti" na "toleo la majaribio" vinatosha. Kila mtu anajua majaribio ni nini, hata redio zikianza huwa zinatangaza ziko kwenye matangazo ya majaribio. "Toleo la awali" mlilotumia kwenye Mipangilio halifai, mzee mmoja wa duka la nondo alilielewa kuwa ni toleo la zamani, akadhani ni sehemu ya kurudi nyuma, karibu aliwashe. Na kile kitufe cha "Baadaye" kinachorudi kila baada ya saa nne wekeni pembeni yake ukubwa wa faili kwa MB. Bando la duka ni la mwenye duka.

Kuna mtu kwenu nadhani atasema: tukilificha swali hili, nani atajaribu beta? Hoja ni ya haki. Programu isiyojaribiwa madukani itajaribiwa siku ya kutoka, na hapo tutaumia wote. Lakini duka la Google Play wanakouzia wenzenu wa simu lina ngazi: majaribio ya ndani yasiyozidi watu 100, kisha kundi la kualikwa, kisha ya wazi, na hata toleo thabiti lenyewe unaweza kulitoa kwa asilimia chache ya watumiaji, ukiona moshi unalisimamisha. Ninyi mmeruka ngazi zote, mkaenda kwa mama wa pembejeo. Mafundi tupo. Kibandani kwangu, jirani na stendi ya Msamvu, kuna mashine mbili za kizamani zinazokaa bure. Nipeni beta yenye data ya mfano, bidhaa elfu mbili na mauzo ya kubuni, nitaibonyeza kila jioni, nitazima umeme katikati ya sasisho nione kinachotokea, maana huo ndio mtihani wa kweli wa mjini kwetu na sidhani kama kwenu mmewahi kuufanya. Nitawaandikia kila nilichokiona. Hela sitaki, nitataka tu mtu wa kunijibu.

Kwa sasa mashine tatu za yule mama ziko kwenye 5.1 ya majaribio, beta.2 tangu Ijumaa, na swichi imewashwa kwa sababu nikiizima sitapata beta.3, ambayo mmesema ndiyo inayorekebisha kiasi cha stoo kinachosoma hasi. Nimebandika karatasi kwenye kioo cha mashine ya kaunta: "5.1 IKITOKA, MPIGIE FUNDI KABLA YA KUBONYEZA CHOCHOTE." Naomba mnitajie, kwa barua au kwa simu, tarehe mnayotarajia kuitoa, na siku ngapi zitapita kabla ya 5.2-beta.1 haijaanza kushuka. Nataka nisiwe safarini siku hizo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa maduka saba yenu, Morogoro